Meza Sita Haimo Kitabuni

Wiki iliyopita niliwaficha kitu. Niliwaeleza nilichofanya, lakini sababu niliipaka rangi. Leo naikwangua rangi hiyo, kisha niwaambie yaliyonipata baadaye, ambayo hata sasa sijui niyashike wapi.

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza: mimi ni mpeleka barua wa zamani. Begi nililirudisha miaka minne iliyopita, lakini mtaani hadi kesho naitwa Barua. Maghorofa mapya yalipoota ng'ambo ya reli, kampuni inayoyapangisha ilinichukua niwapokee wapangaji wageni na kuwaonyesha mtaa. Wangempata wapi mwingine? Najua mlango wenye mbwa mkali na mlango wenye mkwe mkali zaidi.

Meneja akaniagiza niandike kitabu kidogo cha wageni, kurasa ishirini na nne. Wapi pa kula, wapi pa kupumzika na watoto, wapi pana muziki mwisho wa juma.

Tena nina shangazi. Mama alifariki siku aliyonizaa. Baba, dereva wa malori ya safari ndefu, akanikabidhi kwa dada yake, ndiye akanilea kwenye chumba cha nyuma cha mgahawa wake. Mgahawa hauna kibao. Una meza sita, basi watu wanauita Meza Sita.

Nikampeleka meneja pale pamoja na wapangaji watatu. Shangazi akatupakulia mchuzi wa nyama. Ulikuwa na sukari. Si kusema umezidi kidogo, ulikuwa sukari tupu pale palipotakiwa chumvi. Meneja alicheka mpaka akavua miwani kujifuta machozi. Nikarudi ofisini, nikachukua kalamu, nikaifuta Meza Sita kitabuni.

Niliwaambia nilifanya hivyo kumlinda Shangazi na aibu. Si kweli. Nilimwonea haya. Mwanamke aliyenifunga kamba za viatu hadi nilipotimiza miaka minane, nilimwonea haya mbele ya mtu mwenye tai.

Hiyo ndiyo rangi niliyosema naikwangua.

Siku vitabu vilipotoka kwa mpiga chapa nilimpelekea kimoja. Angeshangaa nisipompelekea. Alijifuta mikono kwenye aproni, mbele na nyuma, akakipokea.

"Mimi niko ukurasa wa ngapi, baba?"

Ndivyo anavyoniita, baba, kwa heshima ya kaka yake.

"Wa tisa, Shangazi."

Neno lilitoka lenyewe. Ukurasa wa tisa ni ukumbi wa dansi.

Macho yake yana ukungu tangu mwaka jana. Miwani aliipoteza, nikamnunulia nyingine, nayo akaipoteza. Akakitia kitabu kwenye mfuko wa aproni, na tangu siku hiyo kila aliyeingia Meza Sita aliambiwa, "Nimo kitabuni. Wa tisa. Kaulize."

Wateja wake wa siku zote walinitazama, wakatazama sahani zao. Fundi Soli, anayeshona viatu mlango wa pili na kula pale tangu ana nywele, alinivuta nje.

"Barua, mimi shule niliishia njiani. Lakini neno dansi nalisoma."

"Fundi, nakuomba."

"Mimi simo," akasema, akarudi kula.

Nilijua ipo siku. Sikujua itakuwa Jumanne, mchana kweupe, mvua ikinyesha.

Mgeni aliingia akitiririka maji. Mwanamke wa makamo, mwalimu wa hesabu, amehamia ghorofa ya nne. Nilimpokea mwenyewe mwezi uliopita, nikamkabidhi funguo na kitabu. Na kitabu kile kile akakitoa kwenye mkoba, kila ukurasa una alama ya penseli.

"Kumbe ni wewe!" akaniambia. "Bustani nimeimaliza. Jumba la makumbusho nimelimaliza, na yule mzee wa tiketi kweli anasinzia kama ulivyoandika. Mikate ya asubuhi, kweli tupu. Hujadanganya hata mahali pamoja."

Shangazi alitoka jikoni kama aliyeitwa.

"Huyu ni mwanangu! Amekiandika huyu!" Akamvutia mwalimu kiti, akamfuta maji mabegani kwa kitambaa cha meza. "Na mimi nimo. Nisomee ukurasa wa tisa, mwalimu. Hawa wangu nimewaomba wamenichosha. Kila mmoja eti amesahau miwani. Huyu Fundi tangu lini ana miwani?"

Mwalimu akafungua. Nikaona macho yake yakienda, yakirudi, yakienda tena. Akaniinulia uso.

Mimi nilikuwa natazama miguu ya meza.

Mwalimu akaanza kusoma, polepole, kwa sauti ya darasani.

"'Kama wewe ni mgeni na hujui uanzie wapi, anzia Meza Sita. Mama mwenyewe atakuuliza umelalaje kabla hajakuuliza utakula nini. Meza hizi zilikuwa zinapokea wageni kabla ghorofa hata moja haijasimama, na hakuna aliyenyanyuka hapa akiwa bado mgeni.'"

Fundi Soli aliacha kutafuna.

Shangazi alishika ukingo wa meza. "Umeandika hivyo, baba?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Mungu anisamehe, nilitikisa.

"Mwalimu, hebu rudia. Pole pole."

Sasa mtu atarudiaje kitu ambacho hakikuandikwa? Mwalimu alijitahidi. Akaanza vizuri, anzia Meza Sita, mama mwenyewe ni mkarimu, chakula chake kimewalisha wageni miaka mingi.

Shangazi, ambaye asubuhi hiyo alikuwa ameniita kwa jina la baba yangu mara mbili, ambaye juzi yake alitafuta kisu alichokuwa amekishika, aliinua kichwa.

"Umeruka pa kulala."

"Samahani, mama?"

"Mara ya kwanza ulisema nauliza mtu amelalaje. Sasa hapapo. Kitabu hakibadiliki." Akanyoosha mkono, akakichukua, akaniletea. "Barua. Nisomee wewe."

Hajawahi kuniita Barua. Hilo ni jina la watu wa nje.

Nikakishika. Nilikuwa na nafasi ya kudanganya mara ya tatu, na maneno ya mwalimu nilikuwa nayo kichwani. Lakini alinisogelea karibu, akakaza macho yale yasiyoona vizuri kwenye midomo yangu. Nikasoma kilichokuwepo.

"'Wapenzi wa muziki wa bendi wasikose ukumbi wa dansi ulio nyuma ya stesheni. Milango hufunguliwa Ijumaa na Jumamosi. Sakafu ni ya mbao, njoo na viatu vyepesi.'"

"Endelea."

"Imeishia hapo, Shangazi."

"Na mimi?"

"Wewe humo."

"Ulinisahau?"

Ningesema ndiyo. Habari ya kusahau angeielewa, yeye kuliko mtu yeyote.

"Hapana. Nilikuandika, halafu nikakufuta."

Hakulia. Ningependa alie. Aliuliza tu, kama anayeuliza saa, "Chakula changu kina nini?"

Akaenda jikoni, akarudi na sufuria ndogo na kijiko. Akaonja mwenyewe. Akaonja tena.

"Mbona mimi naona sawa?"

Akajaza kijiko, akampa mwalimu.

"Wewe hujanizoea bado. Sema kweli."

Mwalimu akaonja, akameza. "Tamu, mama."

"Tamu ya chakula au tamu ya chai?"

Mwalimu akanitazama, akamtazama Shangazi, macho yamemjaa machozi. "Ya chai."

Shangazi akaweka sufuria chini. "Tangu lini, Barua?"

"Mwezi wa tatu."

"Huu ni wa ngapi?"

"Wa nane."

Akageuka kwa Fundi Soli. "Na wewe unakuja kila siku. Jana umeomba uongezwe."

"Mama, miaka yote hiyo umenilisha," Fundi akasema. "Ningekwenda kula wapi?"

"Ungenikemea! Ungesema, we mama, leo umeharibu. Ningetia chumvi. Ningemwita mtu anionjee. Mtu akikosea anaambiwa." Akatuzungushia macho wote, meza kwa meza. "Mmekaa miezi mitano mnanitafunia sukari na kunisifu, kama mtoto anayepika matope. Mkitoka hapo nje mlikuwa mnanicheka?"

"Hatukucheka, mama."

Hao hawakucheka. Aliyecheka nilimleta mimi.

Akazima jiko. Akanyanyua kiti, akakipindua juu ya meza. Mwalimu akasimama kumsaidia, akamzuia kwa kiganja. Kiti kimoja kimoja, wateja wakinyanyuka kumpisha, wengine sahani mkononi. Fundi Soli alimaliza chake amesimama mlangoni, hadi mchuzi wa mwisho, huku machozi yanamtoka.

Meza Sita haikuwahi kufungwa saa saba mchana. Haikufungwa hata siku babu alipozikwa.

Alijifungia siku nane. Nikigonga anajibu, "Nipo, nenda kazini." Nikiacha chakula mlangoni nakikuta kimeliwa nusu. Mwalimu naye alikuwa anapita akitoka shule, anakaa kwenye kizingiti, wanaongea mlango ukiwa katikati yao. Sikuthubutu kuuliza wanaongea nini.

Ofisini kitabu kilikuwa kinarudi kwa mpiga chapa mara ya pili. Nikamwendea meneja.

"Nataka kuongeza mahali."

"Wapi?"

"Meza Sita."

"Si pamefungwa? Tuwapeleke wageni kwenye kufuli?"

"Patafunguliwa."

Hakucheka safari hii. "Andika," akasema.

Nikayaandika maneno ya mwalimu, yale ya mara ya kwanza, na pa kulala nikapaweka. Nikayapiga chapa vizuri kwenye karatasi nyeupe. Alhamisi asubuhi nikashika njia.

Nilimkuta amesimama nje. Gauni la buluu la kutokea, mkoba mkononi, nywele zimebanwa. Nikajisemea, Shangazi amenisamehe.

"Karibu," akaniambia. "Umehamia lini?"

Nikacheka. Nilidhani ananisuta, na nilistahili kusutwa. Kisha nikamtazama machoni.

Alikuwa ananitabasamia kama anavyomtabasamia mtu asiyemjua.

"Juzi, mama," nikasema. Sijui kwa nini nilijibu hivyo. Labda niliogopa kumtisha.

"Upande gani?"

"Wa reli."

"Una wenyeji?"

"Sina."

"Maskini. Mimi nilipokuja hapa nililia wiki nzima kwa kukosa wa kunitembeza. Ngoja nikuonyeshe." Akanishika mkono, karatasi yangu ikakunjamana humo humo kwenye kiganja.

Nimewatembeza wageni zaidi ya mia mbili katika mtaa huu. Siku hiyo nilitembezwa mimi.

Tulipofika benki akasimama. "Hili ni jumba la sinema. Picha inaanza saa tisa. Kaa viti vya nyuma, vya mbele vina kunguni." Mlinzi wa benki alifungua mdomo, nikamkonyeza, akaufunga.

Kwenye maegesho ya magari akaniambia, "Bwawa la kuogelea. Una watoto? Walete Jumapili, lakini kina kirefu ni upande ule, uwe macho." Akanionyesha upande wenyewe, katikati ya magari mawili meupe.

Duka la mabati lilikuwa mgahawa wa keki. Mwenye nao alikuwa mkali kwa wanaume na mpole kwa wanawake, nisiende peke yangu. Kituo cha mafuta kilikuwa uwanja wa wazi, wa duara, ambapo mpiga kinanda mmoja alikaa kila jioni mpaka taa ziwake. Aliyasema yote kwa uchangamfu, mwendo wa kisichana, akisalimia watu, na watu wakimwitikia bila kujua yuko mwaka gani.

Nyuma ya stesheni ukumbi wa dansi ungalipo. Ndio pekee uliobaki mahali pake. Nikadhani ataufurahia. Kumbe alinivuta tukavuka barabara, tukaupita kwa ng'ambo.

"Humo siingii. Na wewe usiende."

"Nasikia muziki wake ni mzuri."

"Muziki ni mzuri sana," akasema. "Muziki hauna kosa."

Tukaingia kichochoro cha duka la kutengeneza simu. Hapo akapunguza mwendo. Kuna mlango mwembamba pembeni, na ngazi tatu za saruji.

"Hapa hakuna cha kula wala cha kutazama," akasema. "Lakini nikikutembeza nikaparuka nitakuwa nimekudanganya. Hapa palikuwa kwa mkunga. Kuna chumba nyuma, kina dirisha moja. Humo nilimzaa mwanangu."

Shangazi yangu hakuolewa. Hakuzaa. Mtaa mzima unajua hilo, na wapo waliomsema kwa hilo mpaka uzeeni.

"Una mtoto, mama?"

"Wa kiume." Akaangalia kushoto na kulia, akashusha sauti. "Hatukuwa na ndoa. Baba yangu angenifukuza. Kaka yangu mwezi huo huo alikuwa amefiwa na mkewe akijifungua, mke na kichanga chake, wote wawili, mbali huko safarini, huku hakuna aliyekuwa amesikia. Akaja na lori, akaliegesha pale. Akaingia, akamtazama mtoto, akasema, mtoto huyu ni wangu. Wewe utamlea na utaitwa shangazi, na hakuna atakayekunyooshea kidole."

"Ukakubali?"

"Ningefanyaje?"

Nikakaa kwenye ngazi.

"Na yeye, mtoto, anajua?"

"Aa-aa. Nasubiri akue kidogo." Akahesabu vidole, akapotea njiani, akaanza upya, akaacha. "Ni mtu mzima sasa. Anapeleka barua. Ananipitia kila asubuhi na begi lake, anakunywa chai amesimama. Namwambia kaa, hataki kukaa. Kila asubuhi nasema leo nitamwambia, kisha namwona ana haraka."

Nilijaribu kuita. Neno mama, lile la mtu na mzazi wake, sijawahi kulitumia kwa mtu aliye hai, na halikutoka.

Akafungua mkoba, akanipa leso.

"Usilie," akasema, akinipapasa kichwa. "Wageni wote mnalia mwanzoni. Mtaa huu unazoeleka."

Nilimrudisha nyumbani, nikamlaza, nikamwita Fundi Soli akae naye. Alichukua kiti kimoja kutoka juu ya meza, akakigeuza, akakaa kando ya mlango wa chumba cha Shangazi.

Nikatoka uani na simu. Baba sasa ana miaka sabini na tisa, anaishi mbali na sisi, na mimi na yeye huwa tunaongea hali ya hewa na goti lake.

"Baba, Shangazi amenitembeza leo."

"Enhe? Anajisikiaje?"

"Amenipeleka kwenye nyumba ya mkunga."

Upande wake redio ilikuwa inasoma habari. Nikasikia ikizimwa.

"Amekwambia nini?"

"Lori ulipoliegesha. Mkeo na kichanga chake. Yote."

"Yote?" Akapumua, pumzi ndefu ya mzee. "Nisikilize vizuri, mwanangu, ujibu ninachokuuliza. Huyo mwanamume, amemtaja?"

"Hapana."

"Basi usimuulize. Nakusihi, usimuulize."

"Kwa nini, Baba? Miaka yote hii, si atakuwa alishakufa?"

"Nani alikwambia amekufa? Yuko hapo hapo mtaani," akasema. "Kila siku ya Mungu unamsalimia."

Akakata simu, na tangu hapo kila ninayemsalimia mtaani namtazama mara mbili.